Farasi kutoka Arusha hadi Tanga kwa lori: kwa nini homa huja siku ya tatu

Swali: Nipo Sahare, Tanga. Mwaka jana nililetewa farasi dume kutoka Arusha kwa lori la kubebea ng'ombe. Walikuja mchana kutwa bila kusimama, na farasi alifungwa kamba fupi ili asisumbue njiani. Alifika ameloa jasho, akanywa maji kidogo tu, na siku ya tatu akapanda homa na kuanza kukohoa. Alipona baada ya wiki nyingi za matibabu. Sasa nimenunua majike wawili hukohuko, mmoja ana mimba ya miezi saba. Wapo wanaosema ni hali ya hewa ya pwani, wengine wanasema ni uchovu tu wa safari. Safari hii nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, pole kwa mgonjwa wa mwaka jana. Kwa maelezo yako, mtuhumiwa wa kwanza ni ile kamba fupi. Wa pili ni kutosimama. Pwani nayo ina maradhi yake na tutayafikia, lakini homa na kikohozi vya siku ya tatu kwa kawaida huwa vimepandwa ndani ya lori.

Farasi malishoni hushinda kichwa kikiwa chini. Kila anapoinama, makohozi, vumbi na bakteria walioingia kwenye koo la hewa huteremka kuelekea puani na kutoka. Ukimfunga kichwa juu unageuza mteremko kuwa mlima. Bakteria ambao kwa kawaida wanakaa kooni bila madhara hushuka ndani na kuzaliana, na saa 6 hadi 12 za kusimama hivyo zinatosha kuwajaza kwenye njia ya hewa ya farasi mzima kabisa, hata kama lori lenyewe halijatikisika. Ongeza vumbi la nyasi kavu lililoning'inizwa mbele ya pua, harufu kali ya mkojo na moshi wa dizeli, na kumbuka kwamba farasi hana uwezo wa kupumua kwa mdomo: vyote vinapita puani. Kiu nayo inayafanya makohozi kuwa mazito yasitoke. Hapo ndipo panapozaliwa homa ya mapafu ya safari, ambayo ikichelewa kutibiwa hujaza maji na usaha kati ya mapafu na mbavu.

Msongo wenyewe unaingia vipi? Saa ya hatari zaidi ni ya kupakia. Mapigo ya moyo ya farasi aliyetulia ni 28 hadi 40 kwa dakika. Farasi anayeburutwa kwenye ngazi ya lori anaweza kuvuka 100 kabla gari halijawashwa. Homoni ya msongo, kotisoli, hupanda pamoja na hofu hiyo, na ikikaa juu kwa saa nyingi kinga ya mwili hushuka wakati bakteria wanaongezeka. Akishazoea mwendo, moyo hushuka, lakini kazi haiishi. Farasi ndani ya lori ni kama abiria aliyesimama kwenye daladala bila pa kushika: kila breki, kila kona, kila tuta anajishikiza kwa misuli. Asilimia 60 hivi ya uzito wake iko miguu ya mbele, na anajisawazisha kwa kichwa na shingo. Kwa hiyo kamba fupi inamwibia mapafu, inamwibia na usawa.

Kisha kuna maji. Njiani farasi hupoteza karibu nusu ya asilimia ya uzito wake kila saa, kwa jasho, pumzi na kinyesi. Wa kilo 400 anashuka kilo 2 kwa saa. Safari ya saa 11 bila maji ni zaidi ya kilo 20, na kwenye joto la nyanda za Same na Mkomazi mchana huwa zaidi ya hapo. Utumbo ukikauka, kinyesi kinagandamana na tumbo linasokota. Farasi hatapiki, kwa hiyo tumbo lililoziba halina mlango wa dharura.

Sasa lori. Fuso la ng'ombe linaweza kufaa, ila si kwa jinsi lilivyo. Ng'ombe husongamanishwa ili washikane wasianguke. Farasi anataka kinyume chake, nafasi ya kupanua miguu. Mpe kila mmoja upana wa sentimita 80 hadi 90 na urefu wa mita 2.5, na kati yao weka kizuizi cha bomba usawa wa nyonga, bila mbao zinazoshuka mpaka sakafuni, maana kizuizi kinachofika chini kinamzuia kutanua kwato pale anapoyumba. Chini ya bomba ning'iniza kipande cha mpira wasipigane mateke. Vyuma vya juu vipimwe: kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2005 zinataka paa liwe sentimita 75 juu ya mabega ya farasi mrefu kuliko wote. Kama bodi lina vyuma vinavyopita chini ya hapo, vitolewe. Nafasi kati ya mbao za ubavuni zizibwe kwa ndani kwa mbao laini au mpira mpaka usawa wa tumbo. Kwato ikiingia pale, farasi atavuta mpaka mfupa uvunjike. Bomba la kifuani na la nyuma vizungushiwe mpira wa tyubu kuukuu.

Wasimame karibu na kabini, mbali na ekseli ya nyuma, ambako mtikisiko ni mkubwa. Wataalamu bado wanabishana kama watazame mbele au nyuma; baadhi ya vipimo vimeonyesha moyo kutulia zaidi kwa anayetazama nyuma, vingine havikuona tofauti. Kwa lori lako ningechagua watazame nyuma, makalio yakiwa upande wa kabini kwenye ukuta uliowekewa magodoro chakavu, kwa sababu moja tu: breki ya ghafla itamsukuma kwenye makalio, si kwenye kichwa. Usiwaweke kwa mkingamo, ubavu ukitazama mbele.

Jambo ambalo wenye malori hawalifikirii ni springi. Gari lililoundwa kubeba tani kadhaa, likibeba farasi wawili wa kilo 800 kwa jumla, linaruka kama tupu. Tandaza mchanga wenye unyevu kidogo kimo cha sentimita 5 sakafu nzima. Kwa bodi la mita 6 kwa 2.2 hiyo ni karibu tani moja: springi zinalala, kwato zinapata pa kushika, mkojo unanyonywa. Juu yake weka maranda sentimita 10, yasiyo na unga wa mbao. Pumba za mpunga peke yake zinateleza, ziache. Kabla ya mchanga kagua mbao za sakafu kwa kuzichoma na bisibisi. Ikizama, mbao imeoza.

Kamba nayo ina namna yake. Usiifunge moja kwa moja kwenye chuma. Chukua uzi wa katani, ule mwembamba wa kufungia marobota (Tanga hatuna sababu ya kuukosa), upitishe kwenye pete ya chuma na ufunge kitanzi. Kamba ya farasi ifungwe kwenye hicho kitanzi cha uzi kwa fundo la kufumuka kwa mvuto mmoja. Farasi akianguka au akipagawa, uzi unakatika kabla ya shingo. Kamba ya nailoni haikatiki, na hatamu ya nailoni isiyo na kipande cha ngozi ni hivyo hivyo. Urefu uwe wa kumruhusu ashushe pua mpaka usawa wa goti la mbele, lakini usilegee kiasi cha mguu kuingia ndani yake. Pima akiwa tayari ndani ya lori. Nyasi ziwekwe chini, zimelowekwa maji zikachuja, ili apate sababu ya kuinama.

Kupakia kuanze siku kumi kabla, si asubuhi ya safari. Tafuta kipakilio cha udongo kama cha mnadani, kimo sawa na sakafu ya bodi. Ikibidi ngazi, mteremko usizidi nyuzi 20, na juu yake gonga vipande vya mbao kila sentimita 25 na kutandika gunia. Lori likae na mdomo wake kwenye mwanga. Ndani kukiwa giza farasi anaona shimo. Mlishe pumba kidogo kwenye ngazi, kesho katikati, keshokutwa ndani, kisha afungiwe dakika chache injini ikinguruma. Mtulivu apande kwanza, mwenzake atamfuata. Anayemwongoza atembee begani mwa farasi akitazama mbele, asimgeukie na kumkodolea macho, na asijizungushie kamba mkononi. Utingo wa malori ya ng'ombe wana mazoea ya fimbo na kupindisha mkia. Waambie mapema kwamba hapa havitumiki.

Mpangilio wa kufunga hauna mjadala: farasi aingie, bomba la nyuma yake lifungwe, ndipo kamba ya kichwa ifungwe. Kushusha ni kinyume, kamba ya kichwa kwanza, bomba baadaye. Anayekosea hapa humkuta farasi anarudi nyuma kwa nguvu huku kichwa kimefungwa, ananyanyuka na kujigonga utosi kwenye chuma. Ajali mbaya nyingi za kupakia zinatoka hapo.

Kuhusu dawa ya kumtuliza: watu huiomba sana, na kwa safari ya saa nyingi si ya kupendekeza. Asepromazini na jamii yake hushusha shinikizo la damu, humyumbisha na kuvuruga namna mwili unavyojipoza. Kama kuna farasi asiyepandika kabisa, daktari wa mifugo amdunge mwenyewe na aamue kama asafiri siku hiyo.

Siku tatu kabla, anza kuchanganya molasesi kidogo kwenye maji yao, kijiko kimoja au viwili kwa ndoo. Farasi wengi hukataa maji yenye harufu ngeni, na harufu ya molasesi inaficha tofauti ya maji ya Arusha na ya Mombo. Hata hivyo beba lita 100 kutoka nyumbani kwenye madumu. Siku mbili za mwisho mpe chumvi ya kawaida gramu 30 hivi kwenye chakula, ikiwa tu maji yapo tele. Siku ya kuondoka punguza nafaka na pumba kwa nusu. Nyasi zibaki nyingi. Asubuhi hiyo pima joto: la kawaida ni 37.2 hadi 38.3. Aliye na 38.6 au zaidi, anayekohoa au anayetoa makamasi haondoki, hata kama lori limeshalipiwa.

Kibali cha kusafirisha mifugo kichukuliwe kwa daktari wa mifugo wa wilaya mnakotokea, na mwambie aandike saa za safari. Usidhani ukishapata kibali umeruhusiwa kutembea usiku, uliza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inawahusu wewe na dereva.

Naomba usiku kwa sababu ya joto. Safari ni kilomita 435 hivi. Mkiondoka Arusha saa kumi na mbili jioni na kutembea wastani wa kilomita 50 kwa saa, mtakuwa Same kama saa nne usiku, Mombo kati ya saa saba na saa nane, na Tanga alfajiri kabla jua halijachoma. Simameni Same na Mombo, dakika 45 kila kituo. Wasishushwe barabarani. Zima injini, fungua turubai pande zote, mpe kila mmoja ndoo, kisha legeza kamba, mtu akiishika, ili kichwa kifike sakafuni kwenye nyasi kwa nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo inayosafisha koo, na ukiikata kuokoa muda umerudi kwenye safari ya mwaka jana. Kanuni za Ulaya zinaruhusu mpaka saa 8 bila maji, lakini zimeandikwa kwa hali ya hewa yao. Kwa kwetu saa 4 ndiyo mwisho. Dereva wawe wawili. Kama kibali ni cha mchana tu, ondokeni alfajiri ileile saa zinapoanza, na msafiri wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Na mchana lori lisisimame juani. Likienda, upepo unawapoza. Likisimama kwenye foleni ya mizani chini ya turubai, joto linapanda kwa dakika chache.

Dereva aonywe kwa maneno yanayoeleweka. Breki ianze mapema na iachiwe taratibu. Tuta linavukwa gurudumu kwa gurudumu, na asikanyage mafuta mpaka ekseli ya nyuma iwe imeshashuka. Mteremko apunguze gia, asitegemee breki. Anaweza kujipima kwa sikio: kwato zikigonga mfululizo nyuma yake, anaendesha vibaya.

Kila mnaposimama, angalia. Jasho nyuma ya masikio na ubavuni wakati usiku una baridi ni la hofu au maumivu. Kinyesi chepesi mwanzoni ni kawaida, kutokuwepo kinyesi kabisa kwa saa sita si kawaida. Bonyeza ufizi kwa kidole: weupe urudi kuwa waridi ndani ya sekunde 2, ukichelewa au ufizi ukinata, ana kiu kubwa. Mapigo hesabu kwenye mshipa unaopita chini ya taya, sekunde 15 mara nne. Misuli ya mapaja inayotetemeka bila kukoma inasema amechoka kujishikiza, na dawa yake ni kusimama muda mrefu zaidi na kupunguza mwendo.

Pwani sasa. Farasi na ukanda huu hawajawahi kupatana: Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, farasi wake walikufa ndani ya siku chache. Mbung'o, nzi wanaoeneza nagana, huruka mchana, hufuata kitu kinachotembea, magari yakiwemo, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo. Turubai la bluu lililojaa madukani liache, tafuta jeupe, ambalo pia halinyonyi joto. Usiku mbung'o wamelala ila visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika wameamka. Visubi ni wadhaifu wa kuruka, lori likienda hawana nguvu. Hatari ni kusimama kando ya majaruba au mabwawa. Chagua kituo pakavu penye upepo, na wapakwe dawa ya kufukuza wadudu ya jamii ya pairethroidi kwa kipimo cha farasi. Dawa ya josho yenye amitrazi usiwaguse nayo. Kwa ng'ombe haina neno, kwa farasi inasimamisha utumbo. Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika ni ya virusi hai waliodhoofishwa, kwa hiyo itolewe mapema, na wiki mbili baada yake asisafirishwe wala kuchoshwa.

Wakifika, washushe, wape maji bila kuwawekea kiwango, nyasi chini, kivuli na upepo. Wasifanye kazi siku tano. Wakae mbali na yule dume na punda wa jirani kwa wiki tatu. Pima joto asubuhi na jioni kwa wiki tatu hizo na uandike, kwa sababu tarehe ya homa inasema mengi. Homa ya siku ya kwanza hadi ya tatu, fikiria mapafu kwanza. Atasimama viwiko vikiwa nje, pua zimepanuka, anatembea kwa hatua fupi kama mwenye maumivu ya kwato au tumbo, na anaguna ukimbonyeza mbavuni. Homa ya kati ya siku ya tano na ya kumi, hasa mashimo ya juu ya macho yakivimba au povu likitoka puani, ni ya kumpigia daktari wa mifugo wa serikali saa hiyohiyo, maana ugonjwa wa farasi wa Afrika ni wa kutolewa taarifa. Homa inayopanda na kushuka wiki ya pili na ya tatu, ufizi ukiwa mweupe au wa manjano, mkojo mweusi, inataka damu ipimwe nagana na ugonjwa wa kupe. Huu wa kupe unaweza kuwa ulikuwa umejificha ndani yake tangu Arusha, na msongo wa safari ukauamsha. Mpangilio huu ni wa kuelekeza macho, kipimo ndicho kinachohukumu.

Joto likifika 38.6, ita daktari siku hiyo, usisubiri kesho. Usichome tetrasaikilini ya dukani wala dawa ya nagana kwa kipimo cha ng'ombe. Ya kwanza inaweza kumharisha farasi mpaka kufa, ya pili farasi huivumilia vibaya. Na wakati unatafuta chakula cha hapa Tanga, chakula cha kuku kisiingie bandani kabisa. Baadhi kina monensini, ambayo kiasi kidogo tu huua moyo wa farasi.

Yule mwenye mimba ya miezi saba anaweza kusafiri, kwa masharti yote ya juu na kwa nafasi pana kidogo kuliko mwenzake, sentimita 100. Mimba ya farasi ni miezi kumi na moja hivi, na kanuni ya kimataifa inayofuatwa ni kutomsafirisha aliyevuka asilimia 90 ya muda, yaani kama miezi kumi. Kwa hiyo usilikimbize lori kabla halijatengenezwa. Una miezi miwili mizuri. Ikipita hiyo, mwache azalie hukohuko Arusha, na umlete na mtoto wake akishapita miezi minne.